Bakuli la Kioo na Makaa ya Udi

Kila Ijumaa baada ya Alasiri, Bi Kheiria hupika mkate wa kumimina, wa mchele na tui, nyumbani kwake mtaa wa Ansab. Ijumaa hii alitumia bakuli jipya la kioo, zawadi ya Mazoon, mke wa mwanawe.

Alimimina unga ndani, akaliweka juu ya jiko la gesi. Akalifunika kwa sinia, na juu ya sinia akapanga makaa ya kufukizia udi. Moto juu, moto chini, kama alivyozoea kwao Unguja.

Mkate ulipoanza kuiva pembeni, paa!

Bakuli likapasuka vipande vipande. Unga na tui vikamwagika mpaka sakafuni.

Mazoon alitoka chumbani mbio. Alipoona vioo, machozi yalimlengalenga.

"Mama, kama hulitaki, si ungenambia tu?"

"Nani kasema silitaki? Wewe ulinambia haliogopi moto!"

"Moto wa oveni, Mama!"

"Kwani moto una makabila?"

Jirani yao Zakiya alisikia kishindo, akaja. Yeye hufanya kazi maabara ya chuo. Kwanza alizima gesi.

"Msiokote kwa mikono. Fagieni, mtie kwenye boksi. Na mkate wote mtupe."

"Hata hapa pembeni? Pameiva," alisema Bi Kheiria.

"Hata hapo. Kioo hakitafuniki, Bi Kheiria."

Kisha akaeleza. "Moto wa gesi unaunguza pahala pamoja tu. Pale kioo kinatanuka, kwengine bado baridi. Ndipo kinapasuka. Hata sisi, chupa zetu za maabara zimefanywa kwa ajili ya moto, lakini chini tunatia wavu wa chuma usambaze joto."

"Na bakuli je?" aliuliza Bi Kheiria.

"Oveni tu. Washa kwanza, ipate moto. Usilitoe kwenye friji ukalitia humo papo hapo. Likitoka, liweke juu ya kitambaa kikavu, si penye maji. Likiwa na ufa, usilitumie."

"Masharti kama bibi harusi!" alisema Bi Kheiria.

Wiki ya pili Mazoon alileta bakuli jengine. Bi Kheiria alichungulia oveni mara kumi. Mkate ukaumuka, ukageuka rangi juu bila ya kaa hata moja. Akaliweka bakuli juu ya kitambaa kikavu. Halikulia paa hata kidogo.

"Sasa unaweza peke yako, Mama," alisema Mazoon, akageuka arudi chumbani. "Sitokusumbua tena."

Bi Kheiria alimshika mkono.

"Peke yangu nimepika miaka arubaini, mwanangu. Nimechoka kupika peke yangu. Nnataka ukae hapa na mimi."