Dada Yuko Kwenye Neno

Kila asubuhi, kabla jua halijachomoza, mama alikuwa ameshapanga mabeseni uani. Alikuwa dobi. Mashuka ya nyumba ya wageni yalikuja machafu leo na yalitakiwa kurudi meupe kesho, la sivyo mwenye nyumba angetafuta dobi mwingine. Binti yake mdogo wa miaka kumi, ambaye mtaa mzima ulimwita Kidoti kwa udogo wa umbo lake, alichochea moto, akachota maji, akakamua nguo mpaka mikono ikamuuma.

Na dada yake je? Dada yuko kwenye Neno.

Dada alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mlezi wa wasichana kanisani aliwahimiza wasome Biblia kila siku ili wakue wawe wanawake wamchao Mungu. Ushauri mzuri, nani aupinge? Dada aliushika kwelikweli. Ajabu ni kwamba kila alipofungua Biblia, palikuwa na kazi inamsubiri. Akiitwa kuosha vyombo, "Nasoma Neno!" Akiitwa kuanika, "Nasoma Neno!" Majirani wakambandika jina la Mama Askofu, naye badala ya kuona haya akavimba kichwa. Mama naye alimwacha asome. Katika nyumba ile, mtu anayesoma Biblia hakatizwi.

"Mama, na mimi nitasoma lini?" Kidoti aliuliza siku moja.

"Mwache mwenzako asome, atatuombea," mama alimjibu, huku akimsukumia beseni jingine.

Jumamosi moja mama alijitwika furushi la mashuka safi kuyapeleka kwa mteja. Jikoni aliacha sufuria kubwa ya maji motoni, ya kuloweka mashuka meupe.

"Wewe mkubwa, unanisikia? Maji yakichemka, uepue wewe. Kidoti asiiguse hiyo sufuria."

"Nimesikia, mama."

Alisikia, lakini kesho yake alitakiwa kusimama mbele ya kanisa na kusema sura nzima kwa kichwa. Akajifungia chumbani.

"Dada, maji yamechemka!"

"Nasoma!"

"Dada, yanafurika, yatauzima moto! Njoo basi!"

"We mtoto una pepo gani? Huoni niko na Mungu?"

Kidoti akarudi jikoni. Akachukua matambara mawili, akashika sufuria iliyomzidi nguvu. Kelele iliyofuata ilisikika mpaka barabarani.

Mama alikuwa anakunja kona kurudi. Alitupa kitambaa alichofungia furushi na kukimbia. Alimkuta Kidoti sakafuni, mkono wa kulia umebabuka kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Jirani alishafika na chupa ya mafuta ya kupikia. "Hapana, mafuta hapana!" mama alifoka. Alimmwagia maji safi ya baridi, akayamwaga kwa muda mrefu, akaufunika mkono kwa kitambaa safi, akambeba hadi zahanati.

Waliporudi, Kidoti akiwa amefungwa bendeji na amelala, mama aliketi mbele ya binti yake mkubwa. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Ulikuwa unasoma nini?"

Dada aliinamisha kichwa.

"Nimekuuliza, mwanangu. Nisomee."

Akafungua Biblia. Ilikuwa sura inayomsifu mwanamke mwema, yule anayeamka kungali giza kuihudumia nyumba yake. Alisoma mistari michache, akalia kwa aibu.

"Lia," mama alisema. "Hata mimi nina langu la kulia. Nilijisifu kwa majirani kwamba nina binti mcha Mungu, na mgongo wa mdogo wako ndio uliokuwa unalipia sifa hizo."

Jumapili dada hakusimama kanisani. Alimweleza mlezi ukweli wote, akarudi nyumbani kufua. Tangu siku hiyo aliamka pamoja na mama, akamaliza kazi yake na ya Kidoti, ndipo akasoma. Mkono wa Kidoti ulipona, ingawa vidole viwili vilibaki vigumu. Moyo ndio uliokataa. Jioni dada alipomwambia aje wasome wote, Kidoti aliziba masikio.

"Sikitaki hicho kitabu chako. Kinakufanya usinisikie."

Maneno hayo yalimchoma dada kuliko matusi. Hakubishana. Alisoma peke yake, kimyakimya.

Wiki kadhaa zikapita. Jioni moja, akiwa katikati ya kusoma, alisikia, "Dada!" Akaifunga Biblia, akatoka mbio.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu," Kidoti alisema, akimkazia macho. "Nilitaka kuona kama utakuja."

Dada akarudi kuketi. Hajamaliza mstari, "Dada!" Akatoka tena. Alipoitwa mara ya tatu aligeuka kumtazama mama, macho yamejaa machozi.

"Ataendelea kukuita, na usichoke kwenda," mama alisema. "Biblia isome kila siku, usiiache hata mara moja. Lakini ukiinuka ukiwa yuleyule uliyeketi, mwanangu, jua hujasoma kitu. Haya nenda, mdogo wako anakuita."

Dada akaenda.