Hasira za Pilipili

Kengele ya asubuhi ilipolia, wasichana wa bweni waliamka, wakatandika vitanda na kupanga foleni ya bafuni. Pilipili alibaki amejifunika gubigubi. Jina hilo alibandikwa na wenzake muhula huu, kwa sababu hata aliyemwomba kipande cha sabuni alifokewa.

Hasira hizo alitoka nazo nyumbani. Alipokwenda likizo alikuta kitanda chake amepewa mdogo wake, na mama akampokea kwa utani, "Karibu, mgeni wetu." Wote wakacheka isipokuwa yeye. Alirudi shuleni neno hilo limemkwama kooni. Kila akifungua kitabu cha hesabu, macho yalisoma huku kichwa kikigombana na mama. Alama zikaporomoka, na mwalimu akamwonya kwamba asipofaulu mtihani wa mwisho wa muhula, atarudia darasa.

Siku ya wazazi mama yake alifika. Pilipili akagoma kutoka. Mlezi wa bweni, mwanamke asiyependa mzaha, hakumbembeleza. Alimleta mzazi mpaka kitandani.

"Nimesafiri tangu alfajiri nije kununiwa?" mama aliuliza, naye kashapandwa na hasira. "Nimekukosea nini?"

"Mmenitoa nyumbani," Pilipili alisema. "Kitanda mmegawa. Mimi ni mgeni, umesema mwenyewe."

Utani ule mama alishausahau kabisa. Akaketi kando ya binti yake, akamweleza kwamba mdogo wake alikuwa akilia kumtaka dada, akawa ananyamaza pale tu anapolazwa kwenye kitanda cha dada.

"Lakini nilipaswa kukuuliza kwanza," alisema. "Nisamehe, mwanangu."

Pilipili alilia kwa hasira, kisha akalia tu, mpaka kifua kikawa chepesi.

"Wanaofeli humu si wajinga," mlezi alimwambia. "Wengi wana jambo wamelifungia moyoni, nalo linawamaliza akili. Ukiudhika, mwambie aliyekuudhi, au njoo kwangu. Kununa hakujamfaulisha mtu."

Hesabu alifaulu, si kwa alama za kujivunia, ila darasa hakurudia. Ukali haukumwisha. Muhula uliofuata, jirani yake wa kitanda alipomwagia maji shuka na kucheka, Pilipili alikwenda moja kwa moja chumbani kwa mlezi, macho yamemwiva, akaanza kusema kabla hata ya kumwamkia. Mlezi akaweka kikombe chake chini, akamsikiliza mpaka mwisho.