Fundi Sikio na Chumba cha Vigae

Mwisho wa mwezi, duka la vyombo vya muziki hufanana na ukoo uliokutana kugawana urithi: wote wanasema, hakuna anayesikiliza. Kila spika ukutani ilikuwa na wimbo wake, runinga zikifyatua risasi na kulia vilio vya mapenzi kwa pamoja. Katikati ya vurugu hiyo alisimama fundi wa duka, shati la kazi limefifia mabegani, bisibisi mfukoni kama kalamu.

Watu walimwita Sikio. Jina alilipata kwa namna yake ya kufanya kazi. Risiva za siku hizi, zile mashine zinazoendesha spika, hujipima zenyewe: unaweka kipaza sauti kidogo pale mtu atakapokaa, mashine inalialia, kisha inapanga kila spika itoe sauti kiasi gani. Mafundi wengine hukusanya vyombo wakaondoka. Yeye alifuta hesabu ya mashine akamalizia kwa masikio yake, na wateja walikuja kumwulizia kwa jina.

Wasilolijua ni kwamba sikio lake la kulia lilikuwa likipoteza usikivu. Lilianza kwa mluzi mwembamba usiokatika, na sasa sauti nyembamba hazikumfikia tena upande huo. Hakumwambia mtu. Fundi wa sauti asiyesikia atakula nini? Kila jioni alirudi kwake amechoka, si kwa kubeba spika, bali kwa kujifanya.

Siku hiyo alimkuta mwanamke ameketi juu ya boksi jeusi pembeni ya duka, macho kayafumba. Alivaa nguo za kazi za buluu na raba nyeupe zilizokwisha kisigino. Katikati ya nywele palikuwa na mfereji, alama ya mkanda wa vipaza vya masikioni.

"Dada, hicho ulichokalia ni sabwufa, spika ya besi."

"Najua. Ndicho kitu pekee humu ndani kisichonipigia kelele."

"Umekuja kununua au kulala?"

"Kikipatikana kimoja nitashukuru." Akafumbua jicho moja. "Napokea simu za dharura, kaka. Moto, ajali, mama kashikwa na uchungu. Kutwa watu wananipigia mayowe masikioni. Nikifika nyumbani nataka filamu moja tu ambayo watu wanaongea taratibu, niwasikie bila kuongeza sauti. Sasa yule mwenzako ananionyesha dude la kung'oa paa."

Sikio akacheka. Hakuwa amecheka tangu asubuhi.

"Wewe dude la nini? Tafuta spika nzuri ya katikati, maana maneno yote ya filamu yanapitia hapo. Za pembeni ni za mvua na magari. Halafu chukua sabwufa mbili ndogo, uache hiyo moja kubwa. Besi itasambaa chumbani kama maji ya uvuguvugu, bila kumpiga jirani wa chini tumboni."

"Na risiva?"

"Hii ya wastani. Ile kubwa ni ya watu wanaotaka wageni waione."

"Fundi gani wewe, unaliharibia duka biashara?"

"Fundi aliyechoka, dada. Uongo una kazi nyingi."

Aliposema hivyo moyo ulimsuta, akainama kufuta vumbi lisilokuwepo.

Spika ya katikati ilibidi isubiriwe kutoka ghalani, na kusubiri huko ndiko kulikowaponza. Alikwenda nyumbani kwa mwanamke kukiona chumba, akakuta sakafu ya vigae, dirisha pana, kochi moja na kiti kimoja. Akapiga makofi katikati ya chumba, mwangwi ukamrudia.

"Unampigia makofi nani?" mwanamke akauliza, kikombe mkononi.

"Chumba. Kinajibu sana. Tandika zulia, weka pazia zito, kijifunze adabu."

Alirudi kuleta zulia. Akarudi tena kulinyoosha, ingawa lilikuwa limenyooka. Baada ya hapo hawakuhitaji sababu.

Mwanamke huyu akishatoka kazini simu yake huitupa mkobani isimsumbue. Hata mama yake mzazi alilalamika. Lakini ya fundi aliipokea.

"Dharura yako ni ipi?" alikuwa akianza hivyo, kwa sauti yake ya kazini.

"Kuna mtu kazidiwa."

"Yuko wapi mgonjwa?"

"Juu ya ngazi, waya mdomoni, anakuwaza wewe."

"Anapumua?"

"Kwa shida, mpenzi."

"Mshushe, mlaze chali. Nakuja na chakula."

Sikio aliisikiliza sauti hiyo kwa sikio la kushoto, akiibana simu kama anayeogopa itamwagika.

Spika zilipofika akazifunga kwa mapenzi yote. Nyaya alizipitisha chini ya zulia, spika ya katikati akaiinamisha kidogo imwelekee mwenye kochi. Mashine ikapima. Na yeye, kama kawaida yake, akafuta hesabu ya mashine, akaanza kusikiliza. Aliona sauti imefifia, haina ncha. Akapandisha zile nyembamba, akapandisha tena, mpaka zikamfikia na yeye. Zilipomfikia akatabasamu. Mwanamke alikuwa amesinzia kwenye kochi na viatu mguuni. Alimwamsha kwa kumgusa bega, akamwambia tayari, naye akaitikia kwa kichwa akarudi usingizini.

Baadaye simu ikalia dukani, na safari hii haikuanza kwa utani.

"Mpenzi, hii sauti inanichoma. Kila wakitamka neno ni kama sindano. Nimepunguza, sasa maneno siyasikii. Nikiongeza, kichwa kinaniuma."

Alikwenda. Akakaa kwenye kiti, akasikiliza filamu mwanzo hadi katikati, na humo ndani ya sauti hakukuta sindano yoyote. Hapo akaanza kujua.

"Iko sawa," alisema.

"Haiko sawa."

"Iko sawa, mpenzi. Ni masikio yako yamechoka. Na kazi yako ile..."

Mwanamke akazima runinga. Akaiweka rimoti mapajani.

"Masikio yangu ndiyo yanayonilisha," akasema taratibu. "Kutwa watu wananiambia hawaumwi, nami nawasikia wanavyotweta. Sasa nije kwangu, kwenye kochi langu, niambiwe siumwi? Na wewe?"

"Sikusema hivyo."

"Umesema hivyohivyo. Nenda tu, Sikio. Mlango uvute polepole."

Akaenda. Kwenye ngazi alisimama, akawaza kurudi kumweleza. Lakini angeanzaje? Ungemwambiaje mtu aliyekupenda kwa ufundi wako kwamba ufundi wenyewe umekwisha? Akashuka.

Hakupiga simu, naye hakupigiwa. Kazini akawa anakunja nyaya zilizokwisha kukunjwa. Siku moja mwenye duka, mama mnene mpole waliyemwita Bi Mkubwa, alimfuata nyuma ya rafu.

"Mwanangu, mteja mwingine kalalamika. Anasema sinema inamkata masikio."

"Wateja wa siku hizi hawajui sauti, Bi Mkubwa."

"Hebu subiri. Nimepiga kengele ya kaunta hapa nyuma yako, upande wa kulia, nikapiga tena. Hujageuka."

Fundi akaushika ukingo wa rafu.

"Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa. Sijui lako limekufa au limejificha. Kapimwe."

"Wakisema limekufa?"

"Utauza, utafunga, na mashine itakupimia kama inavyowapimia wenzako. Ulidhani niliajiri sikio bila mtu?"

Hospitalini walimweka kwenye kichumba cha kioo, vipaza masikioni, kitufe mkononi: ukisikia mlio, bonyeza. La kushoto lilikwenda vizuri. Ilipofika zamu ya la kulia alibonyeza, akabonyeza, kisha kukawa kimya. Alidhani wamemaliza. Akainua macho, akamwona mpimaji nyuma ya kioo bado anazungusha kidude chake, anamtazama, anasubiri. Milio ilikuwa inakuja. Ni yeye aliyekuwa hayupo.

Alipotoka alielezwa kwa upole kwamba lililopotea halitarudi, ila lililobaki litatunzika. Hakwenda nyumbani, alikwenda kwenye jengo la vigae.

Mwanamke alifungua mlango amevaa gauni la kushindia na kilemba kilicholegea. Ilikuwa siku yake ya mapumziko, lakini mapumziko hayakuonekana usoni.

"Umefuata vyombo vyako?"

"Nimekuja kukwambia kitu. Sauti ilikuwa inakuchoma kweli. Mimi ndiye sikuisikia."

"Kivipi hukuisikia?"

Akamweleza akiwa bado kizingitini: mluzi, kengele, kichumba cha kioo. Alieleza bila kujipamba, kama mtu anayetua mzigo. Alitegemea kuhurumiwa, na hilo ndilo aliloliogopa zaidi. Badala yake akaona macho ya mwenzake yamewaka.

"Watu nisiowajua wananipigia, wananieleza yote hata majina yao hawajataja. Wewe unalala kwenye kochi langu, unakula chakula cha mkono wangu, unanificha? Tena unanitupia mimi ugonjwa wako?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini?"

"Kwamba nikiacha kuwa Sikio, sitabaki mtu wa kupokelewa simu."

Mwanamke akaegemea mlango. Hasira ilitaka kuendelea, lakini hasira nayo inahitaji nguvu, na nguvu aliziacha kazini. Akavuta pumzi ndefu.

"Ingia. Vua viatu, zulia lenyewe jeupe. Bado nimekukasirikia, usidhani."

"Sidhani."

"Haya, tengeneza hicho kitu."

"Peke yangu siwezi tena. Nitashika rimoti, wewe useme."

Akakaa kwenye kochi. Fundi akapiga magoti mbele ya risiva, filamu ikaanza: mwanamume na mwanamke wanazungumza jikoni, hakuna anayempigia mwenzake kelele.

"Punguza," mwenye kochi akasema.

Akapunguza.

"Bado. Punguza tena. Ulikuwa unaniua, jamani."

"Samahani."

"Hiyo umeshasema. Tena kidogo. Hapana, umepitiliza, rudi. Hapo. Usiguse."

Kwake yeye sauti ilikuwa imeingia chini ya blanketi. Ule utamu aliouvumbua siku ile haukuwepo. Akageuka kumtazama mwenzake. Mikunjo ya kipaji cha uso ilikuwa inaachia, mabega yanashuka, mikono imefunguka mapajani. Alikuwa hajawahi kufunga spika zikamfanya mtu hivyo, na kama aliwahi, hakuwahi kutazama. Siku zote alikuwa anajisikiliza mwenyewe.

"Wewe unawasikia?" mwanamke akauliza.

"Nusunusu."

"Njoo ukae huku. Si hapo, pita huku kuliani kwangu, hilo sikio zima liwe upande wangu."

Akapita, akakaa. Kwenye runinga wale wawili waliendelea kuzungumza, naye maneno mengine aliyapata, mengine yakampita.

"Nilikuwa nataka kukuomba kitu kabla hatujagombana," alisema akitazama mbele. "Nilitaka kukuoa. Sasa sijui. Utaolewa na nusu fundi."

Mwanamke aliisogeza miguu yake iliyovimba juu ya zulia, akaifikiria kesho yake, na kesho kutwa, na mayowe yote yanayomsubiri, na nani atakuwa kwenye kochi hili atakaporudi.

"Nitaolewa na wote wawili," akasema. "Huyu wa kushoto nitamwambia ninayotaka yasikike. Yule wa kulia nitamgombeza mpaka nichoke, hatanijibu."

Sikio akaanza kucheka, akakohoa, macho yakamjaa maji.

"Ndiyo hiyo?" akauliza. "Nimesikia sawasawa?"

"Ndiyo hiyo. Sasa nyamaza, nawasikiliza watu wanaongea."