Matairi ya Upande wa Ukutani

Rafiki yangu tuliyemwita Breki, kwa kuwa hakujua kukimbia, aliendesha lori la kampuni ndogo yenye malori mawili, yote mabovu. Aliyenisimulia ni yeye mwenyewe.

Jioni moja alikuwa hoi, safari ya tatu, mgongo unamuuma, na umeme umekatika kwenye ghala alikopakia mzigo. Mbele kulikuwa na mteremko mkali, na alibeba saruji. Akachukua chuma agonge matairi, asikilize kama yana upepo. Kwa uchovu akaamua kugonga upande mmoja tu, aondoke.

Akagonga la mbele: du. Upande wa pili nako: du.

Akadhani ni mtunza ghala anamsaidia. "Ubarikiwe, kaka," akasema. Wakaenda sambamba gizani, tairi kwa tairi, hadi nyuma. La mwisho la upande ule likalia pwa.

"Hilo limeisha upepo, siyo?"

Mtunza ghala akaita kutoka getini, mbali kabisa: "Dereva, unaongea na nani?"

Breki akawasha tochi, akachungulia chini ya lori. Tairi lilikuwa limelala kweli. Ndipo akakumbuka alivyoliegesha lori mchana: upande ule ulikuwa umebanana na ukuta, hata kiganja hakipiti.