Sikio la Dada na Kiti cha Dirishani

Kila jioni, baada ya kufua soksi zake za shule na kuzianika nyuma ya nyumba, Wakili alibaki na kazi moja tu kabla ya kulala: kutoa sikio.

Lilikuwa sikio la kushoto. Mdogo wake wa miaka minne hakuweza kupata usingizi bila kulishika. Alijilaza kando ya dada yake, akanyoosha mkono, akalikamata kwa vidole viwili na kulisugua taratibu kama mtu anayekagua kitambaa dukani. Akiridhika nalo, analala. Asiporidhika, anavuta. Nyumbani walimwita Gundi, kwa kuwa akishanata, kumbandua ni shughuli.

Wakili naye hakuwa wakili. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili ambaye hakukosa hoja. Ukimwambia aoshe vyombo, atakuuliza kwa nini visioshwe na aliyekula zaidi. Jina likamganda.

Zamani sikio lake lilikuwa la kusikilizia tu. Gundi alikuwa akishika la mama yao. Kisha akazaliwa mtoto wa mwisho, na Mama hakupata nafuu. Miguu ilivimba, pumzi ikawa fupi, akawa hawezi kutoka jikoni hadi mlangoni bila kukaa njiani. Daktari akasema ni moyo, na akaandika aende hospitali kubwa ya mji wa mbali. Baba akaenda naye.

Asubuhi ya kuondoka, Mama alimvuta Wakili kando. "Mwanangu, mdogo wako mwazime sikio mpaka nirudi. Asilie peke yake, sawa?"

"Sawa, Mama."

Tangu siku hiyo, kilio cha mtoto mchanga kikiisha, nyumba ilikuwa kimya kama chumba cha mtihani. Bibi, mama yake Baba, alikuja kukaa nao. Mtoto mchanga, ambaye kila mtu alimwita Kifurushi kwa jinsi walivyompokezana mkono kwa mkono kutwa nzima, alikuwa akilia bila sababu. Gundi alikuwa halii. Alishika sikio tu, usiku, na mchana pia akiona hakuna anayemtazama. Wakili alianza kulichukia sikio lake. Shuleni mwenzake wa dawati alimuuliza kama ameng'atwa na nyuki.

Siku moja Baba alipiga simu. Mama angepasuliwa moyo wiki ile, na alitaka kuwaona watoto kabla ya siku hiyo. Kwa basi wasingewahi, na mgongo wa Bibi usingefika salama. Ndugu wakachangishana, ikaamuliwa wapande ndege.

Tiketi zilishughulikiwa na Shangazi, dada yake Baba, ambaye alikuwa msusi. Wakili alimkuta saluni, mikono imejaa mafuta, vidole vimezama katika kichwa cha mteja.

"Wakili, hebu shika simu yangu. Chagua viti," alisema. "Nyote safu moja. Bibi yako akae kando ya njia, ainuke na mtoto akilia. Gundi dirishani. Wewe katikati. Umenisikia?"

"Nimesikia, Shangazi."

Kwenye simu, ndege ilikuwa imechorwa kama gunzi la hindi ambalo watu wameshalitafuna: punje chache zimebaki huku na kule. Safu nzima yenye viti vitatu ilikuwa nyuma kabisa, karibu na choo. Lakini mbele, safu ya sita, kulikuwa na kiti kimoja cha dirishani, peke yake, kimetulia.

Wakili alikitazama. Akaliona dirisha. Akaona mawingu. Zaidi ya yote, akaliona sikio lake likipumzika safari nzima bila kuguswa na mtu. Kidole kikabonyeza. Bibi na Gundi akawaweka nyuma, yeye akajiweka mbele.

"Shangazi, kompyuta imenitupa mbele."

"Imekutupa vipi?"

"Imechagua yenyewe. Haikubali kubadilisha."

Shangazi alikuwa na kitana mdomoni. "Mashine hizi!" alisema kwa tabu.

"Hazina adabu," aliongeza mteja, kichwa kikiwa kimeinamishwa kifuani. Mambo yakaishia hapo. Uongo ulipita laini kama uzi kwenye tundu la sindano.

Siku ya safari Bibi alivaa viatu vyake vya kanisani na kuwaaga majirani kama mtu asiyetarajia kurudi. Ndani ya ndege Wakili alijipenyeza hadi dirishani pake. Bibi akaenda nyuma akiwa amembeba Kifurushi, huku Gundi akimfuata ameshika gauni lake.

Wakamkuta mama mmoja ameshakaa katika kiti cha tatu cha safu yao, kile ambacho Wakili alikiacha. Naye alikuwa amepakata mtoto mchanga. Mhudumu wa ndege, dada mrefu mwenye sauti ya upole, alifika na kusimama.

"Samahani, mama zangu. Watoto wachanga wawili hawaruhusiwi safu moja. Hewa ikipungua, vinyago vya kupumulia vinashuka kutoka juu, na kila safu ina kimoja tu cha ziada. Mmoja wenu itabidi ahame."

Yule mama alikuwa na mtoto mwingine ng'ambo ya njia, amekaa na baba yake. Bibi akawatazama, akaugua, akainuka. Bwana mmoja wa safu za katikati akakubali kubadilishana naye.

"Na huyu mdogo?" mhudumu aliuliza. "Hana mtu mwingine?"

"Ana dada yake, yuko mbele. Kompyuta ilimtupa huko," Bibi alisema. "Kamwite, mwanangu, aje akae naye." Akainama kwa Gundi. "Dada anakuja sasa hivi. Umsubiri."

Gundi akatikisa kichwa kukubali.

Wakili alimwona mhudumu akija. Aliyasikia yote, maana sauti ya Bibi haijui kunong'ona. Kulikuwa na muda wa kutosha wa kuinuka. Badala yake alifumba macho, akaegemeza kichwa dirishani, akaachia mdomo wazi kidogo ili uongo upate hewa.

Mhudumu alimgusa bega. "Mdogo wangu?" Akamgusa tena. "Maskini, amechoka."

Wenzake walikuwa wanamwita, mlango umeshafungwa. Akarudi nyuma. "Dada yake amelala fofofo. Tutamwangalia sisi, mama."

"Nami nipo hapa," alisema mama mwenye mtoto mchanga.

Ndege ikapaa. Wakili akafumbua macho. Dirishani kulikuwa na wingu, baada yake wingu lingine, kisha weupe mtupu kama shuka la hospitali. Akafikiria shuka la hospitali, na dirisha likapoteza ladha.

Mvua iliwakuta wakati wa kushuka. Rubani akatangaza kila mtu afunge mkanda na asiinuke. Ndege ikadunda, ikainama. Masikio ya Wakili yakaziba, yakauma, akameza mate yakazibuka. Ndipo aliposikia kilio.

"Daaada!"

Aliijua sauti ile. Haikuwa imelia tangu Mama aondoke.

"Masikio! Daaada!"

Bibi, kwenye safu yake ya katikati, alijaribu kuinuka na Kifurushi. Mhudumu akamwamuru akae. Yeye mwenyewe alikuwa amejifunga kwenye kiti chake kidogo ukutani. Wakili alishika mkanda wake, akauachia, akaushika tena. Hakuna aliyeweza kwenda popote. Yule mama wa nyuma alikuwa akisema, "Meza mate, baba, meza mate," lakini mtoto wa miaka minne hamezi mate kwa amri ya mgeni. Gundi alilia mpaka magurudumu yakagusa ardhi, na baada ya hapo akaendelea bila sauti.

Walipomfikia, alikuwa amekaa wima, amejikojolea, macho yake bado yako kwenye njia.

"Alikuwa anachungulia hapo tangu tupae," yule mama alisema. "Nikimwambia alale, anasema dada yake anakuja."

Ndani ya teksi Wakili alimwinamishia sikio. Gundi aliutazama mlango wa gari na kuuficha mkono wake ndani ya shati.

Hospitalini Baba aliwapokea, amekonda hadi kola ya shati imekuwa pana. Mama alikuwa kitanda cha pembeni. Alimbusu Wakili, akampakata Kifurushi kwa msaada wa Baba, kisha akageuza kichwa kwenye mto, sikio lake likabaki wazi.

"Gundi, njoo baba. Sikio lako hili hapa."

Gundi alibaki mlangoni. Akaweka mikono yote miwili nyuma.

"Njoo, mwanangu. Kesho ndio napelekwa chumba cha kupasuliwa."

Gundi akageukia ukuta. Baba alipojaribu kumbeba, alijikaza kama ubao. Muuguzi akachungulia na kukumbusha kwamba muda wa kuona wagonjwa unakaribia kwisha. Mama akasema haidhuru, mtoto amechoka, halafu akajifunika shuka usoni kama mtu anayeumizwa na mwanga. Taa ya chumba kile ilikuwa hafifu.

Nje, kwenye benchi la ukumbini, Bibi alikuwa ameshampigia Shangazi.

"Simu yako hiyo itupe jalalani! Viti gani ulivyotuchagulia? Unatawanya watoto kama mtama?... Usiniambie kompyuta! Mikono ya kusukia unayo, macho ya kuangalia huna?" Akakata. Akajipangusa uso kwa kanga. "Na mimi nami, mzee mzima, nilihama kiti nikamwacha mtoto. Mama yake akiingia kule kesho bila kuguswa na mwanawe, mimi nitasema nini?"

Wakili alikuwa amesimama mbele yake. Hoja zote alizokuwa nazo maishani zilikuja, akazitazama moja moja, hakuna iliyofaa.

"Bibi, usimgombeze Shangazi. Kompyuta haikunitupa. Ni mimi niliyechagua."

Bibi akaiweka simu mapajani.

"Na mhudumu alipokuja, sikuwa nimelala."

Watu walipita na vitanda vya magurudumu. Bibi alikaa akimtazama kwa muda mrefu, na Wakili akatamani kofi, maana kofi huisha haraka.

"Wahenga walisema majuto ni mjukuu," Bibi alisema hatimaye. "Miaka yote hii sikujua wanamsema wa kwangu." Hakucheka. "Umeniambia mimi, vizuri. Lakini aliyekaa akikusubiri si mimi. Nenda. Muda wenyewe ndio huo unakwisha."

Wakili alimkuta Gundi palepale, kipaji cha uso kimegusa ukuta. Akapiga magoti.

"Gundi. Ile ndege... sikuwa nimelala. Nilijifanya."

Ukuta ukajibu kwa sauti ndogo. "Bibi alisema unakuja."

"Bibi hakudanganya. Mimi ndiye niliyedanganya."

"Ulinisikia nikilia?"

"Nilikusikia."

Gundi akageuka. Akalitazama lile sikio, akalishika kwa mkono mzima, akalivuta kwa nguvu zake zote. Machozi yalimtoka Wakili. Hakupiga kelele.

"Inauma?" Gundi aliuliza.

"Inauma."

"Na mimi yangu yaliuma."

"Najua. Nisamehe, mdogo wangu. Twende kwa Mama, nitakaa nawe. Sitoki mpaka wewe uniambie nitoke."

Gundi aliwaza jambo hilo kidogo, kama kawaida yake ya kukagua kitambaa. Kisha akaingia bila kuliachia sikio, Wakili akimfuata ameinama kama mbuzi anayepelekwa sokoni. Baba aliwainua kitandani. Gundi akanyoosha mkono wa pili, akalipata la Mama, akakaa kati yao ameyashika masikio yote mawili. Mama alifumba macho. Muuguzi alichungulia tena, akatazama saa yake, akaenda kuanza na vitanda vya upande mwingine.

Mama alipasuliwa kesho yake. Aliamka, lakini daktari alisema moyo ule utahitaji miezi mingi ya kuangaliwa karibu, kwa hiyo watoto walirudi bila yeye na bila Baba. Safari hii Wakili alichagua viti kwenye simu ya Baba. Alipata safu ya viti vitatu nyuma, karibu na choo. Uwanjani alimuuliza karani kama kuna mtoto mchanga mwingine aliyepangwa safu hiyo. Hakukuwa. Akanunua pipi, akazitia mfukoni kwa ajili ya wakati wa kushuka, maana anayenyonya pipi humeza mate bila kuamriwa.

Bibi alikaa kando ya njia na Kifurushi, Gundi dirishani, Wakili katikati. Mlango wa choo ulifunguliwa na kufungwa nyuma yao bila kupumzika.

"Sasa hiki ndicho kiti kizuri," Bibi alisema.

"Bibi! Hiki kinanuka."

"Kinanuka, ndiyo. Na mgongo wangu unakilaumu. Lakini sikiliza, mjukuu wangu. Watu wanagombania dirisha. Huko nje kuna mawingu, na mawingu hata nyumbani tunayaona bure. Ukisafiri na wadogo, kiti kizuri ni kile ambacho ukinyoosha mkono unamfikia mtu wako. Na uongo haukai bila kumwinua mtu kitini. Wako uliniinua mimi, ukamwacha mtoto peke yake, ukataka kumtupia Shangazi yako mzigo. Siku nyingine ukichoka, sema umechoka. Sikio tungelipangia zamu. Hata mimi ninayo mawili, na yameanza kukosa kazi."

Wakili alimkaza Gundi mkanda. Ndege ilianza kutembea. Mkono mdogo ukapanda begani kwake, ukitafuta. Wakili aliinamisha kichwa taratibu upande wa dirisha, ili sikio lifikike.