Mke Mwenza wa Koko

Kila alasiri baada ya shule, Victoire aligeuza ndakala, dagaa wa ziwani, zilizoanikwa kwenye mchanga wa ufuo wa Kalundu, huku akifukuza kunguru. Juma hilo aliifanya kazi hiyo kwa haraka, maana alikuwa na jambo rohoni: kumchekesha bibi yake, Koko Élisabeth.

Koko aliletwa Uvira kutoka Runingu baada ya babu kufariki. Tangu afike, kila mlo alionja matonge mawili tu, kisha akasukuma sahani. Nyumba nzima ilimsemesha kwa sauti ya chini. Victoire aliogopa kwamba huzuni ingemmaliza, akaapa kuwa lazima acheke.

Akaazima simu ya kaka yake Lionel, yenye programu ya akili bandia inayojibu maswali, akaiomba kichekesho. Ikamjibu kwa Kiswahili safi.

"Koko, kwa nini kuku alivuka barabara?"

"Kwa nini?"

"Ili afike ng'ambo!"

Koko akamtazama kwa huruma. "Na kama gari ilimukanyaga? Mwenye kuku iko wapi?"

Victoire hakukata tamaa. Kesho yake aliomba kwa Kifaransa, akapewa kisa cha mtu wa theluji aliyeota moto. Ilimbidi kwanza aeleze theluji ni nini, na alipomaliza, Koko alikuwa anasinzia.

"Hiyo mashini inachekesha watu wa kwao," Lionel akamtania.

Ndipo Victoire akamkumbuka babu. Alipokuwa hai, alimwita "bibi mudogo," yaani mke mdogo, kama wazee wa kwao wanavyowatania wajukuu wa kike. Koko naye alijifanya ana wivu mpaka majirani wakashika mbavu. Victoire akaiuliza simu amtanie vipi mke mwenzake. Ikamjibu kwa upole kwamba si adabu kumtania mzee, hasa mjane. Afadhali ampe pole.

Pole! Koko alikuwa amepewa pole mpaka zikamchosha. Victoire akamrudishia Lionel simu yake, akaketi mkekani mbele ya Koko.

"Koko, hicho kitenge umevaa ni changu. Bwana wetu aliniahidi minye. Weye alikuoa juu ya kupika tu. Minye ndiye alipenda!"

Mama, aliyekuwa akisonga bugali, alishika kinywa.

"Weye?" Koko akasema, akijiinua. "Weye mwenye bugali yako iko na mabonge? Mzee alikuwa anaipatia imbwa kwa siri!"

Akacheka mpaka kilemba kikaanguka. Machozi yakamtoka, akayafuta, akacheka tena. Kisha akavuta sahani.

"Leta ndakala. Siwezi kumuachia mwenzangu zote."

Walipokuwa wakila, Koko alimshika Victoire mkono.

"Mujukuu wangu, tangu tulimuzika, mulikuwa munanisemesha kama mugeni. Leo ndiyo nimesikia niko nyumbani. Weye haukuchoka, na ni vizuri. Hiyo simu iko na akili, usiitupe; iulize hesabu. Lakini kicheko cha muntu, ukitafute kwa kuishi naye. Simu haikumujua bwana wetu."

"Bwana wangu," Victoire akamrekebisha.

Koko akaunyakua mwiko, na Victoire akatoka mbio hadi uani.