Redio Haikuzimwa

Kila asubuhi Redio aliamshwa na kikohozi cha mama yake. Jina hilo la utani alipewa na majirani, kwa kuwa siri ikimfikia yeye, imeufikia mtaa mzima. Mama alikuwa mpishi wa shule, na moshi wa kuni ulikuwa umemwachia kikohozi kikavu kilichomkaba mara tu akifumbua macho. Akinywa maji ya vuguvugu, kinatulia mpaka kesho yake.

Kilichomsumbua zaidi ni uvimbe wa tezi shingoni, mkubwa kama limau. Siku ya kuutoa ilipofika, Redio alijawa na furaha hata akavaa viatu kushoto kulia.

Kwenye lango la hospitali mama alimshika bega. "Mwanangu, leo redio izimwe. Wameshaniahirisha mara mbili. Wakijua nakohoa, watanirudisha tena."

"Sawa, mama."

Wodini alikuja daktari wa dawa ya usingizi, mfupi, mwenye kofia ya kijani. Aliuliza kuhusu meno ya bandia, chakula cha mwisho na dawa. Kisha akauliza, "Una kikohozi, mama?"

"Sina, daktari."

Redio alijiuma mdomo. Ulimi ukamshinda. "Kwani akikohoa kuna nini?"

"Akishalala, nitampitishia mpira kooni wa kumsaidia kupumua. Sasa akiamka na kukohoa kwa nguvu, damu inaweza kuvuja ndani ya kidonda na kubana njia ya hewa."

Redio alidakia. "Mama anakohoa. Kila asubuhi, akiamka tu."

Mama alimkata jicho. "Wewe mtoto wewe."

"Ninunie, mama, lakini uwe mzima."

Daktari hakugomba. Alimpima mama joto, akamsikiliza kifua mbele na nyuma, akamuuliza maswali mengine. "Kifua ni safi, homa huna. Siahirishi. Ila sasa nitajiandaa. Nitakupa dawa ya kutuliza koo kabla sijautoa mpira, na utaamshwa taratibu. Sitaki mtu akutikise wala akupigie kelele."

"Kumbe ningesema tu," mama alinong'ona.

Mama alipoingizwa chumba cha upasuaji, Redio alisubiri kwenye benchi nje, miguu haitulii. Ghafla akasikia mtu akikohoa kwa nguvu. Aliruka hadi mlangoni, kumbe ni mlinzi nyuma yake, amepaliwa na chai.

"Mzee, leo usikohoe hapa," Redio alisema, nusu analia, nusu anacheka.

Hatimaye daktari alitokea, kofia mkononi. "Amekohoa mara moja, kidogo, kama anayebisha hodi kwa aibu. Bandeji ni kavu. Njoo umwone."

Mama alikuwa ameinuliwa kichwa. Sauti yake ilikwaruza. "Redio."

"Abee, mama."

"Nilitaka kukuzima, mwanangu. Nisamehe."

Daktari aliegemea kitanda. "Mgonjwa anayenificha jambo ananifunga kitambaa machoni, halafu ananiomba nimvushe barabara. Mwanao amenifungua kitambaa. Siri ya mtu ni ya kutunzwa, Redio, lakini si ile inayoweza kumuua. Hiyo mwambie anayeweza kusaidia."

"Na majirani je?" aliuliza Redio.

"Hao," mama alinong'ona, "hawana dawa."